Kodi yangu inafuata mwezi wa angani, benki inataka mwezi wa kalenda. Nikope nijenge, au nisubiri?

MamaNuru_Gungu

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma hapa miaka mingi bila kuandika, leo nina langu. Litakuwa refu, naomba mnivumilie, maana nikilikata mtanishauri nusu.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kigoma. Nanunua mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha, naanika, napakia kwenda Tabora na Dar. Kazi hii nimeianza 2009. Mwaka 2013 nilinunua nyumba ya tofali za kuchoma hukohuko Kibirizi, upande wa juu wa barabara: vyumba sita vinavyotazamana, koridoo katikati, choo na bafu nje, bomba moja uani. Kila chumba ni 25,000 kwa mwezi. Mwaka 2018 mimi na mume wangu tukahamia Gungu kwenye kiwanja kilichopimwa. Tulijenga nyumba ya kuishi, na nyuma yake nyumba ndogo mbili za kupangisha, kila moja chumba, sebule, jiko na choo ndani. Hizo ni 80,000 kila moja. Mume wangu alifariki 2022, Mungu amrehemu.

Kwa hiyo nina milango minane. Ikijaa yote na kila mtu akilipa, ni 310,000 kwa mwezi. Watu wakisikia milango minane wanadhani nimeshavuka. Niwaonyeshe daftari langu la 2024.

Iliyotakiwa kuingia kwa mwaka: 3,720,000.
Iliyoingia kweli: 2,815,000. Gungu ililipa 1,760,000 (nyumba moja ilikaa wazi miezi miwili). Kibirizi 1,055,000.
Iliyotoka: kuvuta choo Kibirizi mara mbili 180,000, bati zilizoezuliwa na upepo 240,000, fundi bomba Gungu 135,000, bili za maji Kibirizi 216,000, kodi ya ardhi 40,000. Jumla 811,000.
Iliyobaki: 2,004,000. Gawanya kwa miezi 12, ni 167,000.

Sasa niwaeleze wasiolijua ziwa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haziwavuti, na mitumbwi hulala ufukweni siku kama kumi. Sisi tunaita kipindi cha giza na kipindi cha mbalamwezi. Wapangaji wangu wa Kibirizi ni wavuvi, wabeba mizigo na akina mama wanaoanika. Pesa yao inaingia gizani. Mbalamwezi ikitoka, mtu anakula akiba na anaanza kukopa unga dukani. Nilishaacha zamani kudai kodi tarehe moja. Nadai giza linapoisha, na wengi wanalipa. Huo ndio mkataba wetu, hata kama haujaandikwa popote.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sikulipinga, kwa sababu nimeona kwa macho yangu dagaa wakipungua mwaka hadi mwaka. Lakini ile miezi mitatu wapangaji wawili walihama, mmoja wao akaenda Mpanda kutafuta vibarua, na wanne waliobaki hawakuwa na kitu. Wapo walionishauri nifunge milango kwa kufuli langu. Sikufunga. Mmoja wa hao wanne ndiye anayenianikia dagaa miaka sita sasa, na alikuwa na mtoto wa miezi minne. Ningemfungia nje halafu Agosti nimwite aje kuanika?

Mpango wangu ni huu. Pale Gungu kuna msingi wa nyumba nyingine tatu, tuliuweka na mume wangu 2021. Tofali za kuchoma kama 5,000 zimepangwa pembeni, nyasi zimeshaota juu yake. Nikizimaliza nyumba hizo tatu, kila moja itaingia 90,000, yaani 270,000 kwa mwezi. Benki moja imesema inaweza kunipa milioni 12 kwa miezi 36, marejesho 422,000 kwa mwezi, dhamana nyumba ya Gungu.

Hesabu yangu: 167,000 ninayobaki nayo sasa, jumlisha 270,000, ni 437,000. Nikitoa 422,000, nabaki na 15,000 kila mwezi, na baada ya miaka mitatu nyumba zote ni zangu.

Lakini silali. Kodi yangu inafuata mwezi wa angani, na benki inataka mwezi wa kalenda. Tarehe tano ni tarehe tano, hata kama juu kuna mbalamwezi. Nikope? Nisubiri? Au kuna njia ambayo mimi siioni? Nina watoto watatu, binti wa miaka 19 na wavulana wawili, 15 na 11. Nisingependa majaribio.

---

MwishoWaReli

Dada, mimi nasema kopa. Ukisubiri utasubiri maisha. Reli ya SGR kutoka Tabora kuja kwetu, kilomita 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022, na nyingine inatoka Uvinza kwenda Burundi. Watu watakuja na watahitaji pa kulala. Kiwanja nilichouziwa Gungu 2015 leo sikikaribii kwa bei. Wenzako wanaokuja kutoka Mwanza na Dar hawaogopi, wananunua kila kilichopimwa. Miaka mitano ijayo utakuwa unawapisha barabarani kwenye mtaa wako mwenyewe.

Halafu huo msingi ni pesa iliyozikwa. Kila masika inayopita inakula kidogo.

---

FundiBuhanda

Mama Nuru, shikamoo. Mimi ni fundi ujenzi, nimejenga Gungu, Mwanga na Buzebazeba. Sitasema kuhusu mkopo, nitasema ninachokijua.

Milioni 12 haimalizi nyumba tatu za choo ndani. Nakwambia kabla hujasaini. Watu wanapiga hesabu ya kuta kwa sababu kuta zinaonekana. Tofali unazo, sawa. Lakini baada ya kuta kuna lenta, kenchi, bati, plasta nje na ndani, sakafu, dari, waya, milango, madirisha na grili. Halafu kuna kitu ambacho wenye nyumba wote wanakisahau: maji machafu. Vyoo vitatu vya ndani vinataka karo la maana na shimo la kunyonya, na ardhi yetu ni mteremko wa udongo mwekundu. Ukichimba vibaya, maji ya choo chako yanaibukia kwa jirani wa chini. Nimeshaitwa kwenye ugomvi wa aina hiyo mara mbili. Na saruji yetu inatoka mbali kwa reli na malori, kwa hiyo bei ya Dar unayoiona mtandaoni isahau.

Kwa milioni 12 utapaua zote tatu, labda na plasta ya ndani, halafu utasimama. Nyumba iliyopauliwa bila kumalizwa hailipi kodi hata shilingi, ila marejesho yanaendelea.

Ushauri wangu, jenga moja uimalize hadi kitasa. Ikishaingia mpangaji, anza ya pili. Nimejengea mwalimu mmoja wa Mwanga hivyohivyo, milango minne kwa miaka saba, hadaiwi na mtu.

Jambo jingine. Msingi uliokaa wazi tangu 2021 usiuamini kwa macho. Ng'oa nyasi, umwagie maji, uangalie nyufa. Nondo zilizoachwa nje zikiwa zimeshika kutu ya kumenyeka, zikatwe. Ukitaka nitapita kuangalia, sitakudai kwa kuangalia.

---

MamaNuru_Gungu

Marahaba kaka fundi. Umenigusa kwenye karo, kweli sikuliweka kwenye hesabu. Niliandika "choo" nikaweka laki mbili.

MwishoWaReli, nakuelewa kaka, na maneno yako ndiyo ninayoambiwa na kila dalali anayepita. Ila SGR ikija, mpangaji wake hatalala kwenye nyumba isiyo na dari.

---

Kasulu_Kwetu

Niongeze la kwangu ili usifikirie tatizo ni wavuvi peke yao.

Mimi nina nyumba mbili kubwa Kasulu mjini. Nilizijenga kwa mkopo nikiwalenga wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi kambi ya Nyarugusu. Shirika moja lilipanga zote mbili, 400,000 kila moja, wanalipa miezi sita kwa mkupuo. Walikuwa wanakata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA, mimi napewa risiti, mkataba umelipiwa ushuru wa stempu asilimia 1, kila kitu safi. Nilijiona nimemaliza.

Mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake. Shirika likapunguza watu, na kabla ya mwaka kuisha barua ya kuvunja mkataba ilikuwa mezani kwangu. Nyumba zilikaa wazi miezi mitano. Nyumba za mtindo ule, Kasulu hakuna mwalimu wala muuguzi wa kuzipanga kwa laki nne. Sasa ziko kwa 180,000 na mkopo naulipa kwa kuuza mahindi.

Kwa hiyo dada, usihame kutoka kwa wavuvi ukidhani unahamia pa salama. Wavuvi wako umeshawajua. Mbalamwezi ina mwisho, na unaujua ni lini. Barua ya shirika haina tarehe.

Ila kuna jambo naliona kwako, naomba usichukie. Umelitegemea ziwa mara mbili. Dagaa wakikosekana, biashara yako inasimama na wapangaji wako wanasimama siku ileile. Hizo nyumba mbili za Gungu zimepangwa na nani?

---

MamaNuru_Gungu

Sijachukia, umesema kweli. Ile 2024 ilinipiga pande zote mbili. Gungu moja yuko muuguzi wa hospitali ya Maweni, nyingine kijana anayekata tiketi stendi ya Masanga. Hao wawili ndio walionilisha ile miezi mitatu, nawashukuru hadi leo.

---

Mzee_wa_Marejesho

Nilifanya kazi ya mikopo miaka kumi na moja, sasa nimestaafu. Bi mkubwa, daftari lako ni safi kuliko la wengi wenye maduka. Lakini hesabu yako ya 437,000 ina shimo katikati, na shimo hilo ndilo limeuza nyumba nyingi za watu.

Marejesho yanaanza mwezi unaofuata baada ya kupokea pesa. Nyumba haijengwi kwa mwezi. Tuseme fundi ni mzuri na mvua imekaa kando, ni miezi sita hadi mpangaji aingie. Miezi sita mara 422,000 ni 2,532,000. Wakati huo kodi yako ni ileile 167,000, kwa miezi sita ni 1,002,000. Pengo ni 1,530,000. Hilo pengo utalitoa wapi? Wateja wangu walilitoa kwenye mkopo wenyewe. Yaani walikopa benki ili wailipe benki, na nyumba ikasimama kwenye lenta. Wengine wakaenda kwa hawa wakopeshaji wa riba kali, kausha damu, na huko sina haja ya kukueleza.

Ukiwa lazima ukope, omba muda wa kusubiri kabla ya rejesho la kwanza, na omba urejeshe kwa msimu. Baadhi ya wakopeshaji wanalipanga hivyo kwa wakulima, hakuna sababu wasilisikie kwa mtu wa dagaa mwenye daftari kama lako. Wakikataa, utajua wamekupimia kwa kipimo cha mwenye mshahara.

Hata hivyo, swali langu kubwa si hilo. Umesema dhamana ni nyumba ya Gungu na mume wako amefariki 2022. Hati iko kwa jina la nani?

---

MamaNuru_Gungu

Kwa jina la marehemu. Benki wamesema nikamilishe mirathi halafu nirudi. Nilidhani ni karatasi tu ya kupeleka.

---

Mzee_wa_Marejesho

Si karatasi tu, mama. Naomba aje mtu wa mirathi aseme vizuri kuliko mimi.

---

Ustadhi_Ujiji

Mama Nuru, assalaam alaykum. Pole kwa msiba, hata kama miaka imepita, pole haipitwi na wakati.

Mimi si wakili, ila nimekaa kwenye vikao vingi vya mirathi hapa Ujiji. Naandika nikidhani ninyi ni Waislamu, kama sivyo utanisahihisha.

Kwanza, utaratibu. Ukoo unakaa kikao, unampendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa na kusainiwa. Unakwenda nao Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Mahakama inatangaza, mwenye pingamizi aseme, halafu inateua. Kwa barua hiyo ya usimamizi ndipo ofisi ya ardhi inaligusa jina kwenye hati.

Pili, na hapa nakuomba usome polepole. Msimamizi si mrithi. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa. Ukiteuliwa wewe, nyumba haijawa yako kwa kuteuliwa. Mume akiacha mke na watoto, mke hupata thumuni, fungu moja kwa nane. Mama wa marehemu kama yu hai hupata sudusi, moja kwa sita. Kinachobaki ni cha watoto, mvulana mafungu mawili na binti fungu moja. Wavulana wako ni wadogo. Nyumba ile kwa sehemu kubwa ni mali ya yatima, na wewe unataka kuiweka rehani kwa pesa ya biashara. Sisemi nia yako ni mbaya, naona wazi unawatafutia wao. Ila ikipigwa mnada, utawaambia nini?

Tatu, kuna haki yako ambayo akina mama wengi wanaiacha kwa haya. Kama pesa yako ya dagaa iliingia kwenye ujenzi ule, hiyo sehemu si urithi, ni yako tangu mwanzo, na inatakiwa itengwe kabla ya kugawa. Tafuta risiti za bati na saruji. Tafuta fundi aliyejenga, yeye ni shahidi. Sema kikaoni, usisubiri kusemewa.

Nne, na hili ni la haraka: usitie hata mfuko mmoja wa saruji kwenye ule msingi kabla mirathi haijaisha. Ukijenga leo, kesho itakuwa vigumu kutenganisha lililo lako na lililo la marehemu. Samahani fundi, najua ulikuwa unasubiri kazi.

---

FundiBuhanda

Hapana ustadhi, umesema sawa. Msingi uliosubiri tangu 2021 utasubiri tena. Nitapita tu kuzifunika nondo.

---

MamaNuru_Gungu

Waalaykum salaam ustadhi. Nimesoma mara tatu. Nililia kidogo, nimenyamaza, sasa naweza kuandika.

Ndiyo, ni Waislamu. Mama mkwe yu hai, anakaa Ujiji, Kitongoni. Hajawahi kunidai chochote na sikuwahi kufikiri kwamba ana fungu. Najiona nimekuwa nikitembea na mali ya watu mkononi kama yangu. Na kweli bati zote za Gungu nilinunua mimi kwa pesa ya dagaa ya 2017, nina risiti kwenye mkebe.

Naomba kuuliza jambo moja. Nyumba ya Kibirizi nilinunua kwa pesa yangu, karatasi ya mauziano ina jina langu peke yangu, mwenyekiti wa mtaa aligonga muhuri. Haina hati. Hiyo nayo inaingia?

---

Ustadhi_Ujiji

Mali ya mke ni ya mke. Kama ulinunua kwa pesa yako na kwa jina lako, hiyo si ya mirathi. Ila itaje kikaoni mapema, wazi, na karatasi uibebe, ili asiibuke shemeji wa kusema uliificha.

---

Mzee_wa_Marejesho

Basi ona jinsi mambo yanavyogeuka. Nyumba uliyokuwa unaizungumzia kama mzigo, ya choo cha nje, ndiyo mali yako iliyo safi. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uulize kama mtaa huo uko kwenye urasimishaji, ipimwe. Lakini kabla ya kulipia chochote, pima umbali kutoka ukingo wa maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Na ziwa letu lilipanda sana miaka michache iliyopita, kwa hiyo mita 60 za 2013 huenda si mita 60 za leo.

---

MamaNuru_Gungu

Mzee wangu, hilo silihitaji kukisia. Maji yalipopanda yalimeza mabanda ya kuanikia na nyumba za wenzangu upande wa chini, tukawa tunahesabu hatua kila asubuhi. Mimi niko juu ya barabara, mbali zaidi ya hapo. Lakini nitapima kwa kamba ya fundi na nitaandika.

---

Giza_Totoro

Mimi ni mvuvi, nimepanga Kibirizi, si kwako mama lakini nyumba za jirani. Niseme upande wetu kidogo, maana humu mnatuhesabu bila kutuuliza.

Mwenye nyumba wangu anadai kila tarehe moja. Ikikuta mbalamwezi, nakopa kwa mtu wa kausha damu nimlipe yeye. Kwa hiyo kodi yangu ya 25,000 mimi inanitoka 32,000. Hajui na hajawahi kuuliza. Wewe unayedai giza likiisha, wapangaji wako hawatahama labda wafukuzwe na njaa.

Ila kuna kitu mngeweza kufanya na hakuna anayefanya. Giza likiwa zuri, kuna usiku mmoja mvuvi anapata pesa ya miezi mitatu. Pesa hiyo haina pa kukaa, inaisha kwa siku nne, tunajijua wenyewe. Siku hiyo angekuwepo mwenye nyumba mwaloni anasema nipe miezi mitatu nikupunguzie elfu kumi, tungelipa wengi. Wewe unashinda mwaloni. Unaziona ndoo zinavyoshuka. Unajua nani amepata kabla mke wake hajajua.

Na kama unataka kuongeza kodi kwa haki, tengeneza choo. Watu kumi na wanne choo kimoja, tunapanga foleni na wanaotoka ziwani saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ningetoa 30,000 leo kwa choo cha kumwaga maji na umeme wa mita yangu. Ile 1,500 ya kodi ya jengo kwenye LUKU nayo, kila mwezi ugomvi ni nani ameilipa kwa sababu mita ni moja.

---

MamaNuru_Gungu

Mdogo wangu, asante sana. Nimeona aibu, maana ni kweli nashinda mwaloni na sikuwahi kuliona hilo. Kwangu wako kumi na sita kwa choo kimoja. Ndiyo maana nilikivuta mara mbili kwa mwaka na kulalamika kwamba choo kinanila.

Hesabu ya haraka niliyopiga usiku huu: vyumba sita kwa 30,000 ni 180,000 badala ya 150,000. Ongezeko 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Kaka fundi amenipigia simu, amesema vyoo viwili vya kumwaga maji, karo na shimo lake itakuwa kama milioni 1.6, na mita ndogo za vyumba sita ni kazi ya siku mbili za fundi umeme. Kwenye kikundi chetu cha akina mama wa mwalo nina akiba ya 900,000, na tunaruhusiwa kukopa mara tatu ya akiba. Rejesho letu tunalifanya kila giza linapoisha, kwa sababu wote ni watu wa dagaa. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo kuwa ni benki.

Sitakopa milioni 2.7 zote. Nitachukua milioni 1.6.

Benki nitawajibu kwamba sirudi sasa. Nimeshamwambia binti yangu kila kitu jana baada ya isha, na nimemwonyesha maneno ya ustadhi. Aliuliza swali moja tu, kama wadogo zake nao wataandikwa kwenye hati. Nikamwambia ndiyo.

MwishoWaReli, najua utasema nimechelewa. Inawezekana nyumba za Gungu zitasubiri miaka miwili, na pengine viwanja vitapanda kama unavyosema. Nimekubali kulipa gharama hiyo.

Jumamosi nakwenda Kitongoni kwa mama mkwe kuomba kikao cha ukoo. Nina cheti cha kifo, hati, karatasi ya Kibirizi na mkebe wa risiti. Kuna kingine?

---

Ustadhi_Ujiji

Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watatu. Na mchukulie mama mkwe dagaa, usiende mikono mitupu.